Wiki moja na amplifaya ya taa za kioo, na ilivyobaki kidogo iende kutangaza mbuzi Malambo

Wakuu, habari za mchana.

Ninayoandika hapa yametokea kweli. Mashahidi wapo huku kwetu Daa, na wengine wananisoma humu kwa ID za bandia. Nikizidisha chumvi, mnisahihishe hadharani.

Kwa asiyenijua: mimi ni mtu wa ndani. Naishi kwa mama, nje kidogo ya mji wa Karatu. Watu wanapanda ndege mbili tatu kuja kuiona kreta ya Ngorongoro, mimi niko jirani na geti na nimeingia mara moja tu, safari ya shule. Nilitapika kwenye basi kabla hata ya kuona swala.

Kinachonitoa nyumbani ni kimoja: napiga gitaa la solo kwaya ya kigangoni.

Sasa amplifaya ya kwaya ikafa. Gitaa la umeme bila amplifaya mnalijua wenyewe. Nikawa nakaa pale mbele navuta nyuzi kama mtu anayejikuna, hakuna anayesikia. Mwalimu wa kwaya akaanza kukitazama kiti changu kwa jicho la mtu anayetafuta pa kumkalisha mwimbaji.

Hapo ndipo anaingia shemeji yangu, mume wa dada. Mmasai wa Malambo, ni dereva wa lodge moja huko juu Ngorongoro. Jumatatu akaja na pickup, akashusha sanduku jeusi zito kama jiwe la kusagia.

"Shem, hiki kilikuwa stoo. Bendi iliyokuwa inapigia wageni ilikiacha, bosi kaniambia nikitoe. Jumamosi napita mazoezini kwenu nikielekea Malambo. Mwalimu wako akikikubali, kibaki. Akikikataa nakibeba, kikatangaze mbuzi mnadani."

"Shemeji, hii ni amplifaya ya gitaa!"

"Mbuzi hawajui."

Akaondoka anacheka. Mimi nimebaki na siku tano.

Nikasoma kibandiko cha nyuma kwanza: volti 230, sawa na umeme wetu. (Wakuu, vitu vya kuachwa na wageni someni kibandiko kabla ya kuchomeka.) Nikachomeka, nikawasha, taa nyekundu ikawaka. Nikapiga.

Kimya.

Nikabadilisha waya. Kimya. Nikaipiga kofi la ubavuni, ile tiba yetu ya redio. Kimya. Nikakaa chini nikaanza kuwaonea wivu mbuzi wa Malambo.

Mama akapita na ungo wake. "Mbona viswichi viko viwili na umewasha kimoja? Hicho kingine ni pambo?"

Kingine kimeandikwa STANDBY. Mimi nilidhani ni jina la kampuni.

Nikakibonyeza. Aisee. Ikatoka noti moja nene, ya joto, ikakaa hewani mpaka kuku uani wakanyamaza.

Nikachungulia nyuma kwenye matundu. Ndani kuna taa za kioo, nne nimezihesabu, zinawaka rangi ya makaa yanayokaribia kuzima. Ndizo zinazokuza sauti. Zinaitwa tyubu, na hazifanyi kazi mpaka zipate moto, ndiyo maana ya ile swichi ya pili: unawasha ya kwanza, unazipa dakika, ndipo unaruhusu sauti. Fizikia nilipata F wakuu, lakini siku ile nilitamani mwalimu wangu anione.

Kuanzia hapo sikulala vizuri kwa udadisi. Nikatafuta daftari.

Nikaandika: ikiwa baridi sauti kavu, ikikaa robo saa sauti inanona. Kitufe cha bass kikipita nusu, vyombo vya mama kabatini vinaanza kuimba sauti ya nne.

Jumatano asubuhi, na baridi ya huku mnaijua, nikakuta bakuli la unga wa maandazi juu ya amplifaya, limefunikwa na kitenge.

"Mama, hiki ni chombo cha muziki!"

"Kinatoa joto. Unga wangu umeumuka kabla sijamaliza kufagia. Wewe kimekuumulia nini?"

Nikalisogeza bakuli mbali na matundu, maana umajimaji na umeme hapana.

Kingine nilichogundua ni mashine ya kusaga ya jirani. Kila ikiwashwa, sauti ya gitaa inalegea, kama mtu anayeongea huku anasinzia. Umeme unapungua nguvu na zile taa zinahisi. Nikavuka barabara kumwomba jirani azime na kuwasha mara tatu nithibitishe.

Akaniangalia na unga kwenye kope. "Nizime mashine, watu wana foleni, ili wewe usikie raha?"

Utafiti ukaishia hapo.

Kosa langu sasa. Wiki nzima nilipiga volume ikiwa mbili, na kwa vidole, taratibu, maana mama hataki kelele. Nikajua nimeshamaliza kuifahamu.

Jumamosi. Shemeji katusaidia kuibeba hadi ndani ya kanisa, kisha akasimama mlangoni, pickup imegeuzwa tayari kuelekea barabarani. Waimbaji kama thelathini. Nikawasha, nikasubiri taa zipate moto, nikaweka volume saba ili nisikike juu ya sauti zote hizo. Mwalimu akanyoosha mkono. Nikashusha koodi ya kwanza kwa nguvu zangu zote.

Ikatoka kama gunia la mahindi linaburutwa juu ya bati.

"Simama," Mwalimu akasema. "Spika imepasuka."

"Haijapasuka, Mwalimu. Nyumbani ilikuwa nzuri."

"Nyumbani ulikuwa unamwimbisha nani?"

Kwaya yote chini kwa kicheko. Nikapunguza volume: sisikiki. Nikapandisha: gunia na bati. Mara tatu hivyo hivyo.

"Hapa ni nyumba ya ibada, siyo gereji," akasema. "Mtoe huyo mgonjwa, na hicho kiti tutakipangia mtu."

Mlangoni nikasikia mlango wa nyuma wa pickup unafunguliwa. Shemeji anasema, "Mwalimu, Mungu akubariki sana."

Bila amplifaya sina kiti, na bila kiti mimi ni mtu wa uani tu. Nikainama kuizima. Kabla ya kuizima nikagusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole, kama kuiaga.

Ikatoka safi. Ile noti ya nyumbani, ila kubwa, imejaa kanisa zima.

Nikasimama. Volume bado ni saba. Nikapiga kwa nguvu: gunia. Nikagusa taratibu: asali. Nguvu: gunia. Taratibu: asali.

"Unacheza?" Mwalimu akauliza.

"Nipe dakika moja, Mwalimu. Moja tu."

Kumbe spika ni nzima! Ni zile taa zinaelemewa ukizipelekea nguvu nyingi mno, ndipo zinakwaruza. Na gitaa langu lilikuwa linapeleka nguvu zote, siku zote, kwa sababu vitufe vyake vimefungwa na selotepu.

Hili lielewe asiye wa kwaya. Ibada ikiisha, watu hupita kushika vyombo na kukoroga kila kitu, kwa hiyo zamani tulikubaliana: volume ya gitaa iwekwe mwisho kabisa, ifungwe na selotepu, atakayerekebisha arekebishe kwenye amplifaya. Ile ya zamani haikujali. Hii inajali.

Nikaibandua selotepu kwa meno mbele ya kwaya nzima. Volume ya gitaa nikaishusha nusu, ya amplifaya nikaiongeza kidogo. Nikapiga utangulizi wa wimbo wetu wa kwanza.

Sauti ikasimama safi na nzito. Hakuna aliyecheka.

Shemeji kutoka mlangoni: "Shem, unaniharibia soko."

Mwalimu akaigeukia kwaya. "Tuanze upya. Na nyie sauti ya tatu, mbona mnaburuta, mmekula nini leo?"

Kwa wasiomjua: huyo hapo ndiyo kasifia. Akianza kuwatukana wengine, ujue wewe umepita.

Nikasikia mlango wa nyuma wa pickup ukifungwa, pickup tupu.

Ila baada ya mazoezi Mwalimu akatoa amri: chombo ni cha kwaya, kitalala stoo ya kanisa, hakuna kukirudisha nyumbani. Kwa hiyo mtu wa ndani sasa natembea kila siku alasiri kwenda kigangoni, nimechana nywele. Mama amevumilia siku nne, jana akashindwa: "Huyo binti ni wa ukoo gani?" Nimemwambia ana taa nne na anachelewa kupata moto. Ameenda kumwuliza katekista.

Funzo nililopata: chombo kipya kijaribu kule kule utakakokitumia, na kwa nguvu ile ile. Mimi nilikijua kwa unyenyekevu wa sebuleni nikaenda kukitumia kwa fujo. Na kabla ya kusema kimepasuka, angalia wewe unakipelekea nini.

Wenye tyubu amp humu, nisaidieni: zile taa zinadumu muda gani, na dalili za kuchoka ni zipi? Wanaotaka kunicheka pia karibuni, mlango uko wazi, nami alasiri sipo nyumbani.