Wimbo wa Kukamulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe vipya, na kabla ya saa nne vilikuwa vimekanyagwa na mgonjwa aliyekuwa akijifunza kusimama. Nikalalamika. Mkuu wa Kitengo cha Fiziotherapia, Mgogo mmoja mrefu aliyekuja Karagwe kwa muda akaishia kuoa huku, akaangalia viatu vyangu, kisha akaniangalia usoni. "Shukuru, binti," akasema. "Mwezi uliopita mguu huo haukuweza kukanyaga hata sisimizi." Hakucheka, nami sikuthubutu kucheka.

Kwa ninyi vijana mnaodhani fiziotherapia ni kukanda watu kwa mafuta, niwaambie ni kazi ya kuukumbusha mwili mazoea yake. Mtu kavunjika nyonga, au mzee kapata kiharusi, yaani mshipa wa damu kichwani umeziba au umepasuka na upande mmoja wa mwili ukapooza. Daktari akishamaliza yake, anayebaki na mgonjwa ni sisi. Zile reli mbili ambazo mgonjwa hushikilia akijifunza kutembea, wenzetu wa hospitali kubwa walikuwa nazo za chuma. Zetu zilikuwa miti ya mikaratusi iliyolainishwa na seremala wa hospitali. Mimi nilikuwa msaidizi tu. Kunja, nyoosha, kunja tena, kesho vilevile. Asiye na subira na aende akanunue kahawa sokoni Omurushaka, maana huku kwetu haraka haina kazi.

Lakini wako waliorudishiwa miguu wakabaki bila maneno. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi huziba njia ya kusemea. Kitabuni inaitwa afasia. Mgonjwa anasikia, anaelewa, anajua anachokitaka, ila mdomoni hakitoki kitu, au linatoka neno lilelile mchana kutwa. Watu wa nyumbani hudhani akili imemruka. Wanaanza kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo, na yeye machozi yanamtoka. Hilo liliniuma kuliko mifupa yote niliyowahi kuiona.

Njia ya kuwasaidia nilifundishwa na yule yule Mkuu wa Kitengo. Tulikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Kituntu, aliyeshindwa kutamka hata jina la mkewe. Mkuu alikaa kando ya kitanda, akaanza kuimba wimbo wa watoto wa shule huku akimpigapiga mkono wa kushoto kufuata mdundo. Ulipofika ubeti wa pili mwalimu akadakia, maneno yote yamenyooka. Mkewe alipiga magoti pale sakafuni.

Tulipotoka nje Mkuu akaniambia, "Nyimbo hazilali chumba kimoja na maongezi. Mlango huu ukifungwa, zungukia ule. Mwimbishe anachokijua. Halafu chukua maneno ya haja, nataka maji, niinue, uyaimbe kwa sauti ya wimbo uleule. Halafu upunguze wimbo kidogo kidogo mpaka yabaki maneno matupu. Ni miezi, binti, si siku." Akaenda hatua chache, akageuka. "Na usimtafutie wimbo unaoupenda wewe. Tafuta ule uliomwingia kwanza."

Miaka ikaenda. Mkuu alistaafu, akarudi kwao na mkewe, Mnyambo wa Karagwe, nami nikahamishiwa Kyerwa, kituo cha afya kimoja upande wa Kamuli. Bosi wangu alikuwa Mganga Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, kijana makini mwenye maneno machache. Alinipa huduma za mkoba, maana yake ni kuwafuata wagonjwa majumbani kwao. Nilipanda pikipiki asubuhi, nikapita katikati ya vibanja vya migomba na kahawa, nikarudi jioni na vumbi mpaka kwenye meno. Watoto waliniita Mama Mazoezi. Jina hilo lilinishika, na hata padri alilitumia.

Ukivimaliza vibanja unatokea kwenye rweya, nyika ya nyasi tupu wanakokaa wafugaji. Huko ndiko nilikopelekwa kwa Mzee Kamuhanda. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha zizini, akapelekwa hospitali kubwa Mwanza, akarudi mzima wa akili lakini bubu. Mwanawe Mugisha alinipokea njiani, mbali kidogo na nyumba.

"Shikamoo, Mama Mazoezi."

"Marahaba, baba. Mzee anaendeleaje?"

"Yupo. Ila kabla hujaingia kuna jambo ulijue." Akageukia zizi. Lilikuwa tupu, nyasi zimeanza kuota pale ng'ombe walipolala. "Tuliwauza wote kwa ajili ya matibabu. Yeye hajui. Tumemwambia wako kwa baba mdogo, wamefuata majani. Tafadhali, usije ukaropoka."

Nilimwambia mimi nimekuja kwa ajili ya ulimi wa mzee, si kwa ajili ya ng'ombe. Niliamini hivyo kabisa.

Nilianza na nyimbo za kanisani, maana ndizo ninazozijua. Mzee alinitazama kwa heshima, kama mtu anayesubiri mgeni amalize. Wiki mbili, hata herufi moja. Mkewe, Mama Mugisha, alikuwa akituangalia kutoka mlangoni, na siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Unajisumbua, waitu," akasema. "Huyu kanisani alikuwa anafungua mdomo tu padri asimseme. Wimbo wake ni mmoja."

"Upi?"

"Wa kukamulia."

Ndipo nilipokumbuka maneno ya Mkuu. Wafugaji wa huku huwaimbia ng'ombe wakati wa kuwakamua ili watulie na maziwa yashuke. Kila mtu ana wimbo wake, aliorithi kwa baba yake, na ndani yake anawataja ng'ombe mmoja mmoja kwa jina na sifa. Nikamwomba Mugisha auimbe. Aliona haya mbele yangu, akaanza kwa sauti ya chini. Nami nikaanza kumpigapiga mzee mkono. Akamtaja Bihogo, yule mwekundu aliyekolea. Akamtaja Gaju. Alipofika kwa Kyasha mwenye alama kwenye paji la uso, akakosea sifa yake moja, na mzee akamsahihisha. Alimsahihisha kwa kuimba, Kinyambo kimenyooka, hakuruka neno. Mama Mugisha akaangusha ungo wa maharage. Mugisha akalia kama mtoto, nami nikalia nao, ingawa chuoni walitukataza.

Kuanzia siku hiyo nilikwenda kila Jumanne na Ijumaa. Tuliuvika wimbo ule maneno ya haja, na mzee akaanza kuomba maji, akaomba kuinuliwa, akamwita mkewe kwa jina la usichana wake, jina ambalo Mugisha hakuwahi kulisikia. Majirani walikuja kusikiliza dirishani. Nyumba iliyokuwa kama ina msiba ikarudi kuwa nyumba ya watu. Nilijisifu sana moyoni, nakiri.

Ijumaa moja mzee hakungoja nianze. Aliushika wimbo mwenyewe, akauliza, "Bihogo yuko wapi?"

"Yuko kwa baba mdogo, tata," Mugisha akamjibu baba yake.

"Amezaa?"

Bihogo alikuwa na mimba mzee alipoanguka. Mugisha akaniangalia, nami nikatazama chini. "Amezaa," akasema.

"Dume au jike?"

"Jike, tata."

Mzee akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki na nguvu. Kisha akaimba, "Mleteni nimwone." Mugisha akatoka nje bila kuaga.

Nilimkuta ameegemea mti wa zizi. "Mama Mazoezi, acha," akaniambia. "Acha kuja. Alipokuwa bubu tulikuwa tunaishi. Sasa kila jioni ananiuliza mmoja mmoja, na mimi namzalishia ndama. Mpaka lini? Afadhali asiseme."

Nilirudi kituoni nikamweleza Mganga Mfawidhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama, habari ya ng'ombe ni ya familia," akasema. "Lakini unajua ukiacha sasa kitatokea nini." Nilijua. Mgonjwa wa namna ile akikatizwa mapema, maneno hunyauka, na safari hii hayarudi. Upande mmoja mtu alikuwa anakaribia kurudishiwa kinywa chake, upande wa pili kijana alikuwa anakatika moyo, na wote wawili walinitegemea mimi.

Jumanne nikarudi. Nilimwambia Mugisha waziwazi, mazoezi sitaacha, na mzee akiniuliza mimi, sitamdanganya. Alinikasirikia, na alikuwa na haki. Tukabaki tumesimama pale uani kama majogoo. Mama Mugisha ndiye aliyetuamua.

"Kusema tumeshindwa sote," akamwambia mwanawe. "Mwimbie."

Tukaingia. Mugisha akakaa kwenye kigoda mbele ya baba yake, kigoda kile kile cha kukamulia, akamshika mkono wa kushoto. Akaanza wimbo kama kawaida, sifa za Bihogo zote, kisha akaongeza kwa sauti ileile kwamba Bihogo ameondoka, alipandishwa kwenye Fuso mnadani, hakugeuka nyuma. Akamwimba Gaju, naye ameondoka. Akamwimba Kyasha. Akaenda hivyo mpaka zizi lote likaisha, na mwisho akaimba kwamba hakuna ndama aliyezaliwa, tuliwatoa ili upone, tata, tuliwatoa ili upone. Mzee alimfuata kila jina, akilirudia taratibu baada yake kama tunavyoitikia kaburini. Mkono wake haukuacha kupiga mdundo mpaka jina la mwisho.

Nilikuwa nikingoja siku ambayo mzee angetoa neno tupu, lisilobebwa na wimbo, kwa sababu hiyo ndiyo shabaha ya tiba yote. Siku hiyo ikawa ile. Alimtazama mwanawe, akasema, si kwa kuimba:

"Mngeniacha."

Yaani wangemwacha afe. Lilitoka safi, bila kigugumizi, na mimi niliyelipigania miezi yote nilitamani lirudi lilikotoka. Mugisha aliinamisha kichwa kwenye magoti ya baba yake. Mama Mugisha hakulia. Alimfunika mumewe blanketi mabegani, akamwambia, "Ng'ombe tuliweza kuwaacha. Wewe tulishindwa."

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kituntu, migomba yangu inaliwa na mnyauko na magoti yananiuma, mimi niliyenyoosha magoti ya watu. Vijana wa vitengoni huja kunisalimia. Wana simu zenye nyimbo za dunia nzima, wananiuliza kama ni kweli muziki unaponya. Nawaambia unaponya. Nimewaona mke na mume wakipatana kwa ubeti mmoja, na nimemwona baba na mwana wakishikana mkono kwa jambo ambalo mdomo uliligomea. Lakini nawaambia pia, kabla hujamrudishia mtu maneno, kaa na watu wa nyumbani kwake, uwaulize ataanza kuuliza nini, na kama wana cha kumjibu. Hilo sikufundishwa na bosi yeyote.

Mzee Kamuhanda aliishi mwaka mwingine na zaidi. Jioni Mugisha aliendelea kumwimbia, naye akaitikia, lakini neno tupu halikutoka tena. Kwenye matanga Mama Mugisha alinivuta pembeni, akanisimulia siku ya mwisho ya mzee. Aliomba maziwa, akiimba. Mkewe akaenda kumchotea kwa jirani. Na mnajua mfugaji wa kule, akionja funda moja anakwambia ng'ombe yupi na kalishwa wapi. Mzee alikunywa kikombe chote, akamrudishia mkewe, wala hakuuliza ni ya ng'ombe yupi.