Mlinzi Aliyemruhusu Mbuzi

Mwaka 1988 Klaudia alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee ya parokia moja, upande wa Kishanda. Aliwaosha wazee, akawalisha, kisha akamkimbilia muuguzi, Sista Immakulata, na taarifa zisizokwisha: mara kucha za huyu, mara kikohozi cha yule. Wenzake walimwita Redio.

Aliyempa kazi zaidi ni mzee mmoja, Ta Rugaibula. Vita vya Amin vilikuwa vimekwisha miaka tisa nyuma, lakini yeye hakukubali. Wanawe watatu walikuwa wamezikwa kwa ule ugonjwa wa miaka ile, akabaki na vita vyake tu. Kila asubuhi aliketi mlangoni, fimbo begani kama bunduki, na hapiti mtu bila neno la siri. Hata padri aliwahi kusimamishwa mvuani mpaka alipokumbuka kusema "senene."

Asubuhi moja Klaudia alifika na ndoo ya maji, neno tayari mdomoni. Ta Rugaibula akamtazama tu, akamwacha apite bila kumwuliza. Nyuma ya Klaudia akapita mbuzi, naye hakuulizwa.

Klaudia akatua ndoo, akatoka mbio.

"Sista! Ta Rugaibula kaniacha nipite!"

"Basi mshukuru Mungu."

"Na mbuzi je? Mbuzi naye kapita! Na uji hajaugusa."

Sista alicheka hadi akafuta machozi, lakini akaenda. Mwili wa mzee haukuwa na joto la homa.

"Tazama kifua," Klaudia akasema. "Jana hakikwenda mbio hivi."

Sista akatoa saa, akahesabu pumzi: thelathini na nne kwa dakika. Kicheko kikamkauka. Wakasimamisha gari la wachuuzi wa samaki, mzee akafikishwa hospitali juu ya magunia ya dagaa. Ilikuwa homa ya mapafu. Daktari alisema baadhi ya wazee haiwapandishi joto, na siku mbili zaidi zingemuua.

Mzee alirudi baada ya siku kumi, amekonda, analalamikia dagaa. Sista akampa Klaudia daftari.

"Andika kila badiliko, hata la kuchekesha."

Wiki hiyohiyo akaandika juu ya bibi mmoja wa humo: "Ma Celina kacheka peke yake mara tatu. Anamwita paka baba mkwe."

Sista akaja mbio, akihofia malaria imepanda kichwani. Akampima bibi, mzima kabisa. Klaudia akainama, akanusa, akavuta kutoka uvunguni kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kimebaki nusu.

"Sista, hili nalo niliandike?"

"Liandike," Ma Celina akajibu. "Sema nimepata nafuu."