Fidla na Mvua ya Mawe

Kule kwetu Roret mvua ya mawe huanza kama mchakacho wa mbali, juu ya mashamba ya jirani. Kisha hukaribia, mabati ya nyumba moja yakiitika baada ya nyingine mpaka ifike kwako. Aliye nyumbani juu huisikia kwanza. Aliye bondeni kwenye chai, karibu na mto, kilima humzibia wingu, naye hajui lolote mpaka imwangukie. Kwa hiyo ukisikia mchakacho ule, unatoka mbio na debe na kijiti, unaligonga mpaka wachumaji wote wapande.

Nilipokuwa darasa la sita, nyumba yetu ilikuwa na ugomvi mmoja tu, nao ulikuwa wa muziki. Baba aliongoza kwaya ya kanisa. Alikuwa amejifunza kwa do re mi nyimbo za Wazungu wa kale, za sauti nne, na aliamini kwamba muziki mkubwa uliisha na watu wale. Waliofuata walipiga kelele tu. Mjomba Kibet, kaka yake Mama, aliyekuwa akisomea muziki chuoni, alikuja likizo na kaseti ya okestra iliyotungwa miaka ya karibuni. Haikuwa na mahali pa kuimba pamoja nayo. Fidla nyingi zilikwaruza kwa pamoja, kwanza polepole, kisha zikazidi, zikakaribia. Mimi niliiogopa, na ikianza nilikimbilia jikoni. Baba alimtania Mjomba kwamba chuo kimemrudisha akiwa hawezi kutofautisha wimbo na mahindi yanayomwagwa kwenye debe.

Jumamosi moja alasiri walibishana tena sebuleni, Mama akiwa bondeni akichuma chai. Mjomba alisema nyimbo za kale hukuahidi mapema kwamba mwisho utakuwa mwema, na maisha hayaahidi hivyo. Baba akasema ndiyo maana watu huimba. Kaseti ilikwaruza nyuma ya maneno yao mpaka tukaizoea. Mwishowe Baba alichoka nayo.

"Kibet, zima hiyo kitu."

"Nilizima kitambo, shemeji."

Hatukupumua. Mchakacho uliendelea, ukakaribia, ukagonga mabati ya jikoni. Baba alinyakua debe akatoka bila viatu, lakini mawe yalikuwa yameshafika, na hata mimi niliyesimama mlangoni sikulisikia debe lake. Mjomba aliteremka mbio kwenye michai. Nilimwona akianguka, akainuka, akapotea ndani ya ule weupe. Niliamini kwamba sina mama tena. Nilijaribu kuimba wimbo wa kwaya ili nisiogope, nikashindwa kuisikia sauti yangu mwenyewe.

Walimkuta Mama amejikunja kati ya mistari ya chai, kikapu cha kuchumia kikiwa kichwani. Vidole alivyokishikia vilikuwa vimevimba, viwili vimevunjika. Tulipomkalisha karibu na moto alimtazama Baba, wala hakuwa na hasira.

"Nilingoja debe," alisema.

Jioni ile Baba alimwomba Mjomba aiweke tena ile kaseti, akaisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Nami safari hii sikukimbilia jikoni.

"Mwenye aliandika hii," Baba alisema, "alikuwa na mtu wake huko nje."

Siku hizi naishi Nairobi, na nikipata nafasi huenda kusikiliza okestra. Nyimbo za Baba bado nazipenda kuliko zote. Ndizo tulizomzika nazo. Wenzangu wakiniuliza kama watunzi wa sasa wanawafikia wale wa kale, huwaambia kwamba wa kale hunifariji, na wa sasa walijua jambo ambalo sisi sebuleni tulichelewa kulijua. Mama amezeeka, vile vidole viwili havikunyooka, lakini bado huchuma bondeni kule kule, na nyumbani hakuna aliyebaki wa kumgongea debe. Kwa hiyo fidla zikianza kukwaruza namna ile, mimi huinuka katikati ya watu, wengine wakinikodolea macho, nikatoka nje kumpigia simu nimuulize kama yuko ndani. Simu huita, huita tena, nami husimama pale mlangoni bila kupumua mpaka ashike.