Mkono wa Kulia

Kila nikifungua mkebe wa mipira ya tenisi, ile harufu ya mpira mpya hunirudisha Changamwe, kwenye ukuta wa uani. Baba alikuwa akinifundisha. "Geuka ubavu, tanguliza mguu wa kulia, ndipo upige." Nikapiga kwa kushoto. "Mashallah!" akasema.

Nyanya akatoka jikoni. "Mwanangu," akamwambia baba, "mkono wa kuchambia ndio wa kusifiwa?"

"Kweli, mama," baba akajibu, akanihamishia raketi mkono wa kulia. Sikuelewa nilichokosea. Miguu haikutajwa, nami nikaona haya kuuliza.

Juzi mwalimu wangu wa tenisi aliniangalia nikicheza, akausimamisha mchezo. "Mama, mbona miguu yako yangoja mkono mwingine?"