Wasioonekana Katika Daftari la Talaka

Niliripoti kazini siku ya Jumatatu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa sketi ya dada yangu iliyonibana kiunoni na viatu vyenye vumbi la Tengeru. Kazi ilikuwa ukarani wa mahakama ya mwanzo, mahakama ndogo ya mjini Arusha yenye mabenchi manne na dirisha lililoelekea Mlima Meru. Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu aliye mkuu wa kituo, alinipokea akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, mpole wa sauti, na kofia yake nyeupe ilikaa mezani pembeni ya mafaili.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba, binti. Mwandiko wako unasomeka?”

“Unasomeka, Mheshimiwa.”

“Basi utashika daftari la mashauri ya ndoa. Sasa nisikilize. Watu watakaopita hapa watasema mbele yako mambo ambayo hawajawaambia mama zao. Usicheke, usilie, na ukitoka nje ya geti hili usimsimulie mtu. Wewe andika tu.”

Siku hizi mambo mengi yako kwenye kompyuta, kwa hiyo nieleze kidogo tulivyofanya sisi. Daftari lile lilikuwa kubwa kiasi cha kujaza meza. Kila shauri lilipewa namba, kisha jina la mdai, yaani aliyeleta shauri, na jina la mdaiwa, yaani aliyeitwa kulijibu. Baada ya hapo ilikuja safu ya aina ya ndoa, kama ilifungwa kanisani, kwa sheikh, kimila au kwa mkuu wa wilaya. Safu ya mwisho ilikuwa ya uamuzi. Na hakuna aliyeruhusiwa kuamka asubuhi akaja kudai talaka. Ilimlazimu kwanza kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, ambako wazee waliwakalisha wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Baraza likishindwa, liliandika hati ya kusema limeshindwa. Bila hati hiyo, mimi nilikuwa narudisha watu mlangoni.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri. Alitulea tukiamini kwamba talaka ni ya watu wasiomjua Mungu, kama vile kipindupindu ni cha watu wasionawa mikono. Kwa hiyo, mwaka wangu wa pili kazini, kwa siri ya moyo wangu, nilianza kuisoma ile safu ya aina ya ndoa kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Ndoa za kanisani zilikuwa chache mno. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda mashindano. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamwambia Hakimu Mfawidhi.

“Mheshimiwa, nimepekua daftari. Wakristo hawaachani.”

Aliweka kalamu chini. Nilidhani atanifokea, maana yeye alikuwa Mwislamu asiyekosa swala hata moja.

“Umewahesabu waliokuja hapa,” alisema. “Waliobaki majumbani umewahesabu?”

Nikainamia daftari langu.

“Wale Wahindi wa madukani, umewahi kumwandika hata mmoja? Hujamwandika. Wazee wao wanamaliza mambo ndani. Je, ndiyo kusema wote wanaishi kwa raha? Na mimi hapa niliachana na mke wangu wa kwanza, binti. Tulifuata sheria ya dini yetu tangu mwanzo hadi mwisho, na siku ninatamka lile neno nilikuwa natetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kwenye daftari lako mimi ni Mwislamu aliyeacha mke. Basi. Kutetemeka kwangu kutaandikwa safu gani?”

Hakusema kwa hasira. Akachukua kalamu akaendelea na kazi. Mimi nilirudi kwenye meza yangu nikiwa na aibu, lakini pia nikiwa na kitu kingine ambacho sikuwa nimekizoea, kama vile mtu amefungua dirisha kwenye ukuta niliodhani hauna kitu nyuma yake.

Nilipofikisha miaka sita kazini, Hakimu Mfawidhi alichoshwa na hati mbovu zilizotoka kwenye baraza la kata moja ya jirani. Zilikuja bila tarehe, bila sahihi, nyingine zimeandikwa jina la mke mahali pa mume. Akanituma niwasaidie kuandika kila Alhamisi. Mwenyekiti wa baraza lile alikuwa mama wa Kichaga, mwalimu mstaafu, Mkatoliki, aliyekuwa na tabia ya kuwatazama watu juu ya miwani hadi waseme ukweli. Ni kwenye chumba kile, Alhamisi moja ya mvua, nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka huwa nasimamisha ninachokifanya.

Waliingia mume na mke, Walutheri, watu wa kwetu Meru waliohamia Ngarenaro. Mume, Mzee Zakaria, alikuwa fundi seremala mwenye mikono mikubwa. Mke alijulikana kwa jina la binti yao mkubwa, Mama Neema, na alikuwa akiuza mboga sokoni Tengeru. Yeye ndiye aliyeleta lalamiko.

“Mama, sema tatizo lako,” Mwenyekiti alimwambia.

“Mwenyekiti, mume wangu hajasema nami kwa miaka kumi na moja.”

“Hamwelewani?”

“Sisemi kuelewana. Ninasema neno. Hata moja. Naambiwa barabarani anaongea na watu. Kwenye karakana anacheka na wateja. Akivuka kizingiti cha nyumba, kimya. Nikimwambia, ‘Baba Neema, paa linavuja,’ atapanda atalitengeneza. Nikiugua, atanishika mkono anipeleke hospitali, atakaa hapo hadi nitibiwe. Lakini neno, hakuna. Neema alipokuwa nyumbani alikuwa anatubebea maneno. Ameolewa. Sasa nakula loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando na mtu kama ukuta.”

“Ilianzaje?”

Mama Neema alitazama mikono yake. Alieleza kwamba walikuwa na mtoto wa kiume, Samweli, wa miaka tisa. Alishikwa na homa kali. Yeye mama alitaka wampeleke hospitali. Mume, ambaye wakati ule alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kikundi cha maombi, alisema wasubiri, wamwombee kwanza. Waliomba siku tatu. Siku ya nne walimpeleka, na madaktari wakasema wamechelewa.

“Tangu tuzike,” alisema, “ameninunia. Yeye ndiye aliyekosea, na yeye ndiye aliyeninunia. Hata kwaya aliacha, yeye na sauti yake ile ya besi. Watu wakaniambia ni kiburi kimemjaa. Kanisani kila mtu anatusifu kwamba hatujaachana baada ya msiba kama ule. Wanatutolea mfano kwa maharusi, Mwenyekiti. Mimi nimechoka kuwa mfano.”

Mwenyekiti alimgeukia mume. “Mzee Zakaria, umesikia. Jibu.”

Mzee Zakaria alimtazama mke wake. Alifungua mdomo, akaufunga. Mwenyekiti aliuliza tena, sauti ikiwa imepanda. “Mzee, hili ni baraza halali. Ukinyamaza tutaandika umenyamaza.”

Ndipo Mzee Zakaria akaninyooshea mkono mimi, akafanya ishara ya kuandika. Nilimpa karatasi na kalamu. Aliandika polepole, akanirudishia. Mwenyekiti akaniambia nisome kwa sauti. Nilisoma hivi: “Mke wangu alinikataza kusema, hataki kuisikia sauti yangu tena. Naomba baraza liniombee ruhusa kwake.”

“Mimi?” Mama Neema alisema. “Mimi nilikukataza? Lini?”

Mzee Zakaria alichukua tena karatasi. Nikasoma: “Makaburini. Siku ya Samweli.”

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Mama Neema alikuwa anatafuta ndani yake kama mtu anayepekua sanduku. Halafu akakipata alichokitafuta.

“Nilisema,” alisema taratibu. “Jamani, nilisema. Nilisema ‘sitaki kuisikia sauti yako tena mpaka ninakufa.’ Nilikuwa na uchungu, Mwenyekiti. Hata sikukumbuka kama nilisema.”

Mjumbe mmoja wa baraza, mzee wa Kiislamu aliyekaa karibu na mlango, alisema “Allahu Akbar” kwa sauti ya chini. Mimi niliyefundishwa kutolia nilikuwa nimeshika kalamu kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeelewa jambo la kwaya. Mke alikuwa anasali kanisa lilelile. Angeimba, angemsikia.

“Sema, Baba Neema,” mke alisema. “Nakuruhusu. Sema.”

Sauti ilipotoka ilikuwa ya kawaida tu, sauti nzito ya mtu wa makamo, lakini wote tuliisikiliza kama watu wanaosikia mtu aliyerudi kutoka mbali.

“Ulikuwa sahihi,” alisema. “Tungempeleka siku ile ya kwanza. Nilikosea.” Akapumua. “Mwanzo niliona nikinyamaza nitakuwa natubu. Miaka ikapita. Ulipokuwa unaniuliza kwa nini nimenuna, nilijua nikifungua mdomo neno la kwanza lazima liwe hili. Nikaliogopa. Toba iliisha zamani, Mama Neema. Kilichobaki kilikuwa woga.”

Mama Neema alilia, naye akalia, na Mwenyekiti akavua miwani yake akaifuta bila sababu. Baraza liliahirishwa kwa mwezi mmoja. Niliporudi mahakamani nilimwambia Hakimu Mfawidhi kwamba leo nimeona ndoa imefufuka. Alitabasamu, akasema, “Subiri mwezi uishe.”

Mwezi ulipoisha walikuja pamoja, wamejifunika mwavuli mmoja. Sote tuliamini wamepatana na wamekuja kufunga faili. Mama Neema alisimama.

“Mwenyekiti, tumeongea mwezi mzima. Tumeongea mpaka majirani wametushangaa. Tumemlilia Samweli kwa mara ya kwanza tukiwa wawili. Na tumeongea mpaka tumefika mahali tumeona wote kwamba ndoa yetu tuliizika naye. Mimi nimemsamehe. Lakini siwezi kuwa mke wake. Tunaomba hati.”

“Mzee, na wewe?”

“Ni kweli asemavyo. Nikimng’ang’ania, nitakuwa nimemlazimisha ninalotaka mimi kwa mara ya pili, kama siku zile za homa ya Samweli.”

Mchungaji wao alikuwa amekuja nao. Mwenyekiti alimtazama, akitegemea msaada. Mchungaji alikuwa kijana, na jasho lilimtoka. “Kanisa langu haliwezi kulibariki hili,” alisema. “Nimewaambia hivyo nyumbani na ninasema hapa. Lakini nimekaa nao jioni nyingi mwezi huu, na sijawahi kusikia maungamo kama yale. Nitaendelea kuwatembelea wote wawili.”

Hati iliandikwa. Shauri lilifika mahakamani kwetu, na Hakimu Mfawidhi aliwahoji kwa muda mrefu hadi akaridhika kwamba ndoa imevunjika na haiwezi kurekebishika, maana hicho ndicho sheria inachotaka. Kisha akatoa amri ya talaka. Kwenye safu ya aina ya ndoa niliandika kwa mkono wangu: ya Kikristo. Kwenye safu ya uamuzi: talaka imetolewa. Nilipoinua macho, niliwaona kupitia dirishani wamesimama uani. Mzee Zakaria alikuwa anasimulia kitu, na yule aliyekuwa mke wake alikuwa anacheka, ameshika tumbo.

Nilisimama pale na kalamu mkononi. Miaka kumi na moja ya ukimya, walihesabiwa upande wa ndoa zilizodumu kwa imani. Siku waliyoweza kuongea na kucheka, niliwahamishia upande wa zilizovunjika. Na katika miaka yote hiyo, imani ilikuwemo. Ndiyo iliyomchelewesha mtoto, ndiyo iliyomfunga mdomo baba, na ndiyo iliyomwezesha mama kusamehe. Sikujua nimshukuru Mungu au nimwogope. Nadhani nilifanya yote mawili.

Mzee Zakaria alirudi kwenye kwaya mwaka huohuo. Mama Neema alihamia Tengeru karibu na soko, na Mzee Zakaria ndiye aliyemtengenezea milango ya nyumba yake mpya.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya mahakimu wanne, na nikaandika wanandoa wa kila dini. Wapo walioacha wenzao kwa upuuzi wakiwa na misalaba shingoni. Wapo wasiosali kabisa waliouguzana miaka hadi mmoja akamzika mwenzake. Sikupekua tena daftari kutafuta washindi.

Nimestaafu, niko Tengeru na migomba yangu. Mwaka jana alikuja binti mmoja wa chuo, anafanya utafiti juu ya dini na talaka. Alinisalimia vizuri, akakaa, akafungua daftari lake.

“Bibi, kwa uzoefu wako, watu wa dini gani wanaachana zaidi?”

Nilimsimulia niliyokusimulia wewe, bila majina yao ya kweli. Alisikiliza, akauma kalamu.

“Sasa niandike nini?”

“Andika ulichohesabu, mjukuu wangu. Kuhesabu si kosa. Ila chini yake andika pia kwamba nyumbani kwa watu hukuingia.”

Aliandika. Halafu akauliza, kwa adabu, “Na ndoa yako wewe, bibi? Imedumu kwa sababu ya imani?”

Mume wangu alikuwa shambani, anakata majani makavu ya migomba. Tumeishi pamoja miaka thelathini na minane. Nilifungua mdomo kujibu ndiyo, na nikagundua sijui.

“Kamuulize yeye,” nilimwambia.

Nilikaa barazani nikawatazama. Aliposikia swali, mume wangu aliacha kukata. Alichomeka panga lake ardhini, akatazama upande wa mlima, kisha akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akisema na mgeni. Binti hakuandika. Aliporudi, alikunja daftari lake, akanishika mikono yote miwili, akaniaga, akaenda zake.

Sikumuuliza alichoambiwa. Mume wangu alikuja akanawa, akakaa. Nilimmiminia chai, nikamtazama akinywa, kama mtu ambaye ndiyo kwanza nimetambulishwa kwake.