Nilinunua nguo za kuwindia za bei mbaya ili nimfurahishe baba mkwe, nikaishia kukimbia porini na bukta

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Vuteni viti. Leo sina habari ya kuazima. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mashahidi wangu wawili wako hai na bado wananicheka mpaka leo.

Nimeona watu humu wanauliza kama nguo za kuwindia za bei ghali zina maana yoyote au ni kulipia lebo tu. Jibu ninalo. Ila jibu langu lina mkwe ndani yake, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi nauza vyombo vya plastiki Kariakoo. Ndoo, mabeseni, madumu, viti vya shughuli. Ng'ambo ya mtaa, tunatazamana kabisa, kuna duka la vitambaa vya mapazia la Mzee Nassor. Ni Mwarabu, anaishi Upanga, mtu wa maneno machache. Ana binti anaitwa Rahma anayemsaidia dukani.

Habari za mimi na Rahma sitawachosha nazo. Zilianza kwa kuomba chenji. Zikafika mahali nikawa naenda kuomba chenji hata siku ambayo sijauza kitu.

Rahma mwenyewe alikubali. Kazi ikabaki kwa baba.

Nilimtuma mjomba wangu apeleke maneno. Alipokewa vizuri sana, akapewa halua na kahawa, akarudi na jibu moja tu: "Tutaongea, inshallah."

Miezi ikapita, hakuna aliyeongea. Kila asubuhi nikifungua duka namsalimia, "Shikamoo mzee." Anaitikia, "Marahaba, kijana wa mabeseni," kisha anaendelea kupima kitambaa chake.

Wakuu, niliumia. Mimi mtoto wa Lindi, mama yangu anauza maandazi Mbagala, sina ukoo wa kutajwa mbele ya watu wa Upanga. Nikawa na hakika kwamba hiyo "tutaongea" ni hapana iliyovalishwa kanzu.

Sasa msimu wa kuwinda ulipofunguliwa mwaka huu, siku moja namwona mzee anavuka mtaa. Anakuja kwangu. Nikaacha kupanga ndoo.

"Jumamosi tunaenda porini mimi na mwenzangu Komba. Vibali tunavyo. Utafuatana na sisi."

"Mimi, mzee?"

"Si wewe uliyechinja mbuzi wa Idi nyuma ya duka?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi."

Akavuka, akarudi kwenye mapazia yake.

Mtu mwenye akili angetulia akajiuliza kwa nini ameulizwa habari ya mbuzi. Mimi nilisikia neno "porini" tu. Nikajua huu ndio usaili wenyewe. Mzee anataka kuniona nikiwa na watu wa hadhi yake nitaonekanaje.

Nikamwandikia Rahma kwamba baba amenialika kuwinda, nivae nini? Akajibu, "Njoo hivyo hivyo ulivyo." Nikaona huyu ananionea huruma tu.

Nikaenda kwa rafiki yangu Chande, anauza nguo mtaa wa pili. Chande akikuuzia soksi moja utatoka dukani unamshukuru. Nikamweleza. Akanishika bega kama anayempa pole mfiwa.

"Hamisi, mkwe haoni roho yako. Anaona ulivyovaa. Subiri."

Akapanda ngazi, akashuka na mzigo bado uko kwenye mifuko yake. Jaketi, suruali, kofia na buti. Nguo za kuwindia kabisa, za Ulaya, rangi ya kijani iliyokolea. Akaanza kumwaga sera. Hazipitishi maji. Hazipitishi upepo. Hazipigi kelele ukitembea. Tena kuna kitu ndani ya kitambaa, mnyama hasikii harufu yako.

Nikamuuliza, "Na joto?"

"Joto la nini, wewe unaenda porini, huendi Kariakoo."

(Kuna mkuu atauliza kwa nini sikutafuta zile za madoadoa. Ndugu yangu, nguo za kufanana na za jeshi raia haruhusiwi kuvaa, na mimi magoti ya kurushwa kichura na askari sina.)

Bei sitaitaja. Itoshe kusema ile hela ingenunua friji, nzuri, yenye milango miwili. Nikatoa.

Nilizijaribu palepale nikarudi nazo dukani, kifua mbele. Kosa. Wapagazi wa mtaani kwetu hawana huruma.

"Kamanda! Simba amepita kulia, amebeba ndoo!"

"Mjomba, hiyo baridi umeisikia wewe peke yako?"

Nilipofika dukani nilikuwa nimelowa kama nimetoka kuogelea. Lakini nilipojitazama kwenye kioo, wakuu, nilipendeza. Kusema kweli nilipendeza sana.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri nikawa nimefika Upanga. Mzee Nassor akashuka kutoka ghorofani. Amevaa suruali ya kaki iliyopauka, shati la mikono mirefu lenye kiraka, raba za kawaida. Mzee Komba alikuwa ameegemea gari. Huyu ni Mngoni wa Songea, Mkatoliki, ni rafiki wa mzee tangu ujana wao. Yeye alivaa shati la kijani lililochoka na katambuga, zile ndala za tairi.

Mzee Nassor akanitazama kuanzia kofia mpaka buti. Akaja karibu, akashika ukosi wa jaketi kwa vidole viwili, akasugua kitambaa.

"Mashallah," akasema. Akaingia garini.

Juu kwenye roshani nikamwona Rahma amejiziba mdomo kwa mtandio. Mabega yanatikisika.

Njiani ndipo Mzee Komba aliponieleza mambo yalivyo. Kumbe katika safari zao kila mtu ana kazi yake. Mwenye shabaha ni yeye. Lakini yeye si Mwislamu, na nyama ya nyumbani kwa Mzee Nassor lazima ichinjwe. Kwa hiyo Komba akipiga, inabidi mtu akimbie na kisu amuwahi mnyama kabla roho haijatoka. Miaka yote aliyekuwa akikimbia ni mpwa wa mzee. Mpwa alihamia Muscat mwaka juzi. Mzee mwenyewe goti limekufa.

"Mwaka jana tulichelewa," Komba akasema. "Swala mzima nikala mimi na wanangu. Mwenzangu akarudi Upanga na mikono mitupu, nyumba nzima inamsubiri mlangoni."

Akageuka kunitazama, anatabasamu.

"Hamisi, hizo nguo zako nimezipenda sana. Usizivue hata kidogo."

Hapo ndipo moyo uliponilipuka. Sikuletwa kuonekana. Nililetwa kukimbia. Na nikichelewa, Rahma nimemkosa, maana nani atampa binti kijana aliyeshindwa kazi moja aliyopewa?

Tulifika porini tukamkuta askari wa wanyamapori anatusubiri, akakagua vibali, tukaanza kutembea.

Sasa niseme haki, kwa sababu nimeahidi ukweli. Kitambaa kile kilikuwa kimya kweli. Miiba ilikuwa inakwaruza inateleza. Buti zilikaa mguuni kama nimezaliwa nazo. Lakini jamani, joto! Nguo isiyopitisha upepo haipitishi upepo pande zote, hilo Chande hakulisema. Jasho lilikuwa linashuka mgongoni linaingia kwenye buti. Maji yangu yote nilimaliza kabla hatujaona hata kwato.

Komba ananong'ona, "Mnyama hasikii harufu yako?"

"Ndivyo nilivyoambiwa, mzee."

"Mimi naisikia."

Mara askari akainua mkono. Tukachutama. Ng'ambo ya korongo kavu kulikuwa na kundi la swala pala. Komba akalenga bunduki, akashusha pumzi, akapiga. Dume mmoja akaruka, akakimbia kidogo, akaanguka kwenye majani. Tukaona miguu bado inarusha mateke.

Mzee Nassor akanipa kisu. "Hamisi! Kimbia!"

Nikakimbia. Au niseme nilijaribu. Hatua chache tu pumzi zikakata. Jaketi limevimba, suruali imenishika mapajani kwa jasho, goti halikunjiki. Nikavua jaketi huku nakimbia, nikalitupa. Bado. Suruali hainiachii.

Nyuma nasikia sauti ya Komba, amefurahi kama yuko harusini. "Vaa tu, mwanangu! Usivue! Nakuombea!"

Nikasimama. Suruali ile ilikuwa na zipu pembeni, kutoka kiunoni mpaka chini kwenye kifundo. Nikaishika zipu ya kulia, nikaivuta. Ya kushoto, ikagoma.

"Roho inatoka kule, wewe unavua nguo!" Mzee Nassor alipiga kelele. Mtu ambaye mtaani hatujawahi kumsikia akipaza sauti.

Nikaivuta kwa hasira ikafunguka yote, suruali ikadondoka nyuma yangu. Ndani nilikuwa na bukta yangu ya kuchezea mpira. Wakuu, nilichomoka. Mimi winga wa timu ya mtaa bwana, nilisahau tu. Nikashuka korongo, zile buti zikang'ata udongo wala sikuteleza, nikapanda upande wa pili, nikapita katikati ya majani marefu, nikamfikia.

Alikuwa hai. Kifua kinapanda kinashuka. Nikamshika pembe, jua la asubuhi nikaliweka kulia kwangu, nikamgeuza kuelekea kibla. Bismillahi, Allahu Akbar. Damu ikatoka kwa nguvu, mateke ya mwisho, akatulia.

Nikakaa chini. Nilitaka kulia kwa furaha.

Sikupata nafasi ya kulia, kwa sababu nilianza kuwashwa. Yale majani marefu niliyoyapita yalikuwa yamejaa upupu. Aliyewahi kuguswa na upupu hahitaji maelezo, na ambaye hajawahi namwombea asiguswe. Miguu mitupu kuanzia juu ya buti mpaka kwenye bukta ilikuwa inawaka. Nikaanza kurukaruka na kisu mkononi.

Wazee wakanikuta hivyo. Kwetu kusini mkwe hakuoni hata magoti. Mimi nimesimama mbele ya baba yake Rahma na bukta, nacheza ngoma isiyo na jina.

Nikajaribu kujificha nyuma ya kichaka.

"Njoo hapa," mzee akasema.

Kwanza akainama akatazama shingo ya swala, akaigusa, akasema, "Alhamdulillah." Kisha akapiga goti lile bovu, polepole, kwa maumivu. Akachota udongo mkavu, akaanza kunipaka miguuni, anasugua kwa mikono yake mwenyewe.

"Mzee, acha, nitajipaka..."

"Ukijikuna unazidisha. Tulia, mwanangu."

Sikumbuki kama nilitulia kwa sababu ya udongo au kwa sababu ya hilo neno.

Komba naye alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameshika tama. "Mwaka jana nilikula mwezi mzima," akasema kwa huzuni. Mzee Nassor akacheka mpaka akashindwa kusimama, tukamnyanyua wawili. Komba akapewa mgongo wa swala na paja moja, huzuni ikaisha palepale.

Haya, sasa jibu la swali lenu.

Buti: nunua, hata kama ni ghali. Buti nzuri zitakulinda mguu na hazitakuangusha mahali pabaya.

Suruali: inasaidia sana dhidi ya miiba na upupu, mimi ni shahidi kwa ngozi yangu. Lakini tafuta nyepesi. Fundi yeyote mzuri wa Kariakoo atakushonea ya kaki nzito kwa hela ya kawaida, nawe utakunja goti.

Jaketi la Ulaya: hapana kabisa. Si kwamba ni baya. Lilishonwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye barafu anamngoja mnyama aje. Huku kwetu mnyama unamfuata wewe, tena kwenye jua. Langu nimemuuzia jamaa mmoja anayefanya kazi kwenye chumba cha barafu pale soko la samaki Feri. Anasema hajawahi kuvaa nguo bora maishani mwake. Kwa hiyo thamani ilikuwepo, ila haikuwa yangu.

Na ile ya mnyama kutosikia harufu, muulizeni Komba.

Tuendelee. Jumapili yake nikafungua duka kidogo, miguu bado ina vipele. Ng'ambo kumefungwa, Rahma hapokei simu. Nikaanza kuwaza mabaya. Pengine mzee amelala, akaamka, akaikumbuka vizuri ile bukta yangu.

Mchana simu ikaita. Mama yangu, kutoka Mbagala. Anaongea kwa kunong'ona.

"Hamisi, uko wapi?"

"Dukani, mama. Kuna nini?"

"Kuna mama wa Kiarabu amekuja na paja la swala. Nimemkaribisha sebuleni amekataa. Amevua viatu, amekaa jikoni kwangu kwenye mbuzi ya kukunia nazi, anakata vitunguu. Na binti yake anawasha jiko."

Nikaacha kuhesabu chenji.

"Ananiita mkwe," mama akasema. "Hamisi, mbona nyumba haijafagiliwa, hukuniambia?"

Wakuu, nilikaa juu ya ndoo palepale dukani nikalia, na wateja wakaniacha nilie.

Waliowahi kuvaa nguo za bei mbaya mahali pasipo pake, semeni yaliyowakuta. Na mwenye dawa ya kweli ya upupu aiweke hapa haraka, maana baba mkwe ameshaniambia nijiandae kwa msimu ujao.