Kiti cha Elfu Moja na Tisa

Mpanga viti wa ukumbi wa chuo alijiona bingwa wa hesabu, ingawa shule aliiacha mapema na hesabu nayo ikamwacha. Watu walimwita Bwana Safu. Kwake safu lazima itimie; kiti kimoja kikibaki pembeni, siku hiyo hata chakula hakipiti.

"Hakuna namba isiyogawika," alizoea kusema. "Ni uvivu wa mpangaji tu."

Basi ikafika siku ya mahafali ya binti yake, aliyesomea ualimu wa hisabati. Tangu binti huyo akiwa mdogo, kila sherehe yake baba alisimama nyuma akilinda viti visisogezwe. Safari hii binti alimpa kadi ya mwaliko mkononi.

"Baba, leo usisimame. Nikiitwa nataka nikuone umekaa na mama."

Baba akaapa.

Chuo kilikuwa kimetoa kadi elfu moja na tisa, kila kadi na kiti chake. Bwana Safu na wasaidizi wake wakapanga safu za viti ishirini na vinane. Kikabaki kimoja. Wakavunja, wakapanga ishirini na vinne. Kimoja. Ishirini na kimoja, kumi na vinane, kumi na sita: kimoja tu, king'ang'anizi! Akawashuku wasaidizi kwamba wamemchomekea kiti cha ziada, akahesabu upya, akawaomba radhi. Akajaribu kumi na vitatu: vikabaki vinane. Ruka majivu, kanyaga moto. Wakarudia ishirini na vinane huku wageni wakigonga mlango.

Binti alipoingia na joho lake, ukumbi umeshajaa, alimkuta baba anasukuma kiti nyuma ya pazia.

"Baba, unakificha?"

"Kimenishinda, mwanangu. Nimekigawa kwa namba ninazozijua na nisizozijua."

Binti akacheka. "Hata mimi kingenishinda. Elfu moja na tisa ni namba tasa, inagawika kwa moja na kwa yenyewe, basi. Labda upange safu moja mpaka barabarani."

"Miaka yote naringa, kumbe sijakutana na mbabe wangu!"

"Na kadi yako iko wapi?"

Bwana Safu akapapasa mfuko wa shati. Kadi ilikuwamo. Alikuwa amemhesabia kila mtu kiti, akajisahau yeye mwenyewe.

Akakibeba kiti mbele ya kadamnasi, akakiweka ubavuni kwa mkewe, nje ya safu, kimechomoza njiani. Aibu ilimjaa. Hata hajatulia, akageuka kukagua safu za nyuma. Mkewe akamfinya.

"Tazama mbele, baba. Mwanao anaitwa."

Akatazama. Binti alikuwa jukwaani, macho yake yakizipita safu zote zilizonyooka, mpaka yakatua kwenye kiti kilichoziharibu.